Kusoma picha ya kale ya mtoto akicheza ufukweni: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Picha hizi huzunguka na maelezo yaleyale: "Mtoto wa Kiswahili akicheza kwa furaha, Zanzibar, miaka ya 1880." Ukimuuliza aliyeandika amejuaje kuwa ni Zanzibar, amejuaje kuwa ni miaka ya 1880, na hiyo furaha ameipima na nini, anajibu, "Si inaonekana?" Haionekani. Kinachoonekana ni mtoto, mchanga, maji, na pengine jengo lililokatwa nusu pembeni.

Wengi hushindwa kazi hii kwa sababu wanaanza na uso wa mtoto. Uso huvuta moyo, na moyo ukishavutwa hadithi hujiandika yenyewe. Humu tunakwenda kinyume: kwanza kitu chenyewe ulichokishika, kisha kamera, kisha jua na maji, kisha majengo. Mtoto anakuja hatua ya nane.

Mifano mingi ni ya mwambao wetu, hasa Mji Mkongwe wa Unguja, kwa kuwa picha za kale zinazosambazwa sana kwa Kiswahili zimetoka huko. Utaratibu wenyewe unafaa kwa ufukwe wowote.

## Vitu vya kuwa navyo

- Lenzi ya kukuzia mara 10. Ile ya mafundi saa inatosha kabisa.
- Rula yenye milimita.
- Kurunzi ndogo ya kumulika kutoka ubavuni.
- Sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji.
- Penseli laini, 2B au zaidi. Kalamu ya wino isikaribie meza.
- Karatasi mbili. Moja iandike juu NAONA, ya pili NADHANI.
- Mikono iliyonawa na kukauka. Ikiwa picha ni ya kioo au bati, vaa glovu za mpira. Za pamba huteleza, na kioo kikianguka kazi imekwisha.

Kama huna picha yenyewe ila nakala ya kwenye simu, omba iskaniwe upya kwa dpi 600 au zaidi, mbele na nyuma, pamoja na kingo zote. Kingo zilizokatwa hupoteza nusu ya ushahidi.

Onyo. Usifanyie kazi nakala iliyopitishwa kwenye programu ya kutia rangi au "kusafisha sura". Programu hizo hukisia. Zitampa mtoto macho ambayo hakuwa nayo na nguo ya rangi iliyotungwa, nawe utakaa saa nzima ukifasiri kitu kilichobuniwa juzi.

## Hatua ya 1: Jua umeshika kitu gani

Kila aina ya picha ina mwaka ambao kabla yake haikuwapo. Huo tuuite *mwaka wa chini*. Ukiupata mapema, unafunga milango mingi ya kubahatisha.

Weka lenzi juu ya sehemu ya kijivu, kwa mfano mchanga. Ukiona nukta zilizopangwa mistari, umeshika kitu kilichochapwa kwa wino kiwandani: kadi ya posta, au ukurasa uliokatwa kitabuni. Kijivu kisichokatika nukta ni dalili ya picha halisi. Chunga kidogo: baadhi ya kadi nzuri za zamani zilichapwa kwa njia isiyoacha nukta, na chini ya lenzi utaona vikunjo vidogo vidogo vya wino.

Ikiwa ni picha halisi, linganisha na hizi:

- Inaakisi uso wako unapoiinamisha, na imo ndani ya kikasha. Ni dagerotipu, yaani picha iliyo juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mwaka wa chini ni 1839.
- Sumaku inanasa. Ni picha ya bati. Mwaka wa chini ni 1856. Wapiga picha wa kuzunguka fukweni Ulaya na Marekani waliipenda kwa kuwa mteja aliondoka nayo papo hapo.
- Karatasi nyembamba iliyogundishwa juu ya kadibodi, weupe umekuwa njano, na chini ya lenzi nyuzi za karatasi zinaonekana. Ni karatasi ya albumini, yaani ute wa yai. Ilianza 1850 na kutawala hadi miaka ya 1890. Kadibodi ya takriban sentimita 6 kwa 10 ni kipimo alichokisajili mpiga picha Disdéri mjini Paris mwaka 1854. Ile ya karibu 11 kwa 16.5 ilienea kuanzia miaka ya 1860.
- Nyuzi hazionekani, na ukimulika kutoka ubavuni sehemu nyeusi zinatoa mng'ao wa fedha. Ni karatasi ya jelatini, iliyoenea kuanzia miaka ya 1880.
- Picha ni duara la sentimita 6.4. Ni Kodak ya kwanza, ya mwaka 1888.
- Picha ni mraba wa sentimita 5.7. Fikiria Brownie ya mwaka 1900, kamera iliyouzwa dola moja ikilenga hata watoto.

Onyo. Chapa (picha iliyotolewa kwenye karatasi) na hasi (bamba au filamu ya kamera, ambamo giza na mwanga vimegeuzwa) ni vitu viwili. Bamba la kioo la 1890 linaweza kuchapwa upya 1930 na kukupa karatasi ya 1930. Hatua hii inatoa umri wa kilicho mkononi mwako. Tukio lenyewe linaweza kuwa la zamani zaidi.

Umefanikiwa ukiweza kuandika: "Chapa hii haikuweza kutengenezwa kabla ya mwaka fulani," na ukataja kilichokuonyesha hivyo.

## Hatua ya 2: Igeuze

Nyuma ya picha kuna mambo ambayo mbele haiyasemi: muhuri wa studio, bei, mwandiko, gundi ya albamu.

Kwa kadi ya posta, angalia kama upande wa anwani umegawanywa kwa mstari wa katikati. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kabla yake ujumbe uliandikwa upande wa picha, ndiyo maana kadi za mwanzo zina salamu zilizobanwa juu ya mchanga au mbingu.

Kisha stempu. Stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilihesabu kwa sarafu ndogo iliyoitwa pesa hadi 1905, halafu kwa iliyoitwa heller. Za Zanzibar zilihesabu anna hadi 1908, halafu senti. Kabla ya Novemba 1895 posta ya Zanzibar ilitumia stempu za India zisizo na jina la Zanzibar.

Muhuri wa posta unakupa *mwaka wa juu*: picha haiwezi kuwa mpya kuliko siku kadi ilipotumwa. Unaweza kuwa na kadi ya 1910 yenye picha ya miaka ya 1890, kwa sababu wachapishaji walitumia hasi zilezile miaka na miaka.

Majina utakayokutana nayo kwenye picha na kadi za Unguja ni A. C. Gomes, Pereira de Lord na Coutinho. Jina la mchapishaji si lazima liwe la mpiga picha, kwani hasi ziliuzwa na kurithiwa. Ukikuta Capital Art Studio, mwaka wako wa chini kwa muhuri huo ni 1930.

## Hatua ya 3: Orodhesha bila kutia maana

Gawa picha sehemu nne kwa macho. Anza kona ya juu kushoto, malizia chini kulia. Kila kitu kiandike kwenye karatasi ya NAONA kwa jina la kawaida kabisa: "kamba", "ukuta mweupe", "mguu wa mtu mzima, mwili umekatwa". Neno kama "masikini", "mpweke", "furaha" au "mtumwa" likikujia, liandike kwenye NADHANI, halafu endelea.

Robo saa inatosha. Utashangaa ni watu wangapi huona kwa mara ya kwanza, katika picha waliyokaa nayo miaka, kwamba kuna mtu mzima amesimama kandokando akimtazama mtoto.

## Hatua ya 4: Pima mwendo, ujue kama mchezo ulikuwa mchezo

Hapa ndipo maelezo mengi yanapovunjika, kwa hiyo usiharakishe.

Kamera za mwanzo zilihitaji muda jicho lake, yaani lenzi, likiwa wazi. Kwa njia ya kolodioni, iliyoanza 1851, bamba la kioo lilipakwa dawa, likapigwa na kusafishwa likiwa bado bichi, yote ndani ya dakika kumi hivi. Mpiga picha wa ufukweni alikuja na hema lenye giza, chupa za dawa na maji safi. Mtoto aliyepigwa namna hiyo alijua vizuri kuna nini mbele yake. Mabamba makavu ya jelatini yalipoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1870, ndipo sehemu ndogo ya sekunde ikawa jambo la kila siku.

Bahari inakusaidia, maana ni saa iliyomo ndani ya picha. Fuata mpango huu:

1. Tazama mawimbi yanayovunjika. Je, povu lina kingo kali, au limekuwa moshi laini?
2. Tazama mikono na miguu ya mtoto. Je, ni mikali au ina ukungu?
3. Linganisha.

*Mawimbi moshi, mtoto mkali:* aliambiwa atulie. Mchezo umepangwa, hata kama ameshika ndoo na anacheka.

*Mawimbi makali, mtoto mkali:* shata, yaani kizibo kinachofungua na kufunga jicho la kamera, ilikuwa ya kasi. Anaweza kuwa anacheza kweli, anaweza kuwa amesimamishwa. Bado hujui.

*Mawimbi makali, mguu mmoja una ukungu:* mguu huo ulikuwa unakwenda. Huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote wa mchezo, na ajabu ni kwamba watu huuona kama kasoro na kwenda kuusafisha kwenye kompyuta.

Ukungu unaweza kuupima. Tuseme mtoto ana kimo cha kama mita 1, na kwenye picha ana sentimita 2. Basi kila milimita ya picha ni sentimita 5 za ufukweni. Ukungu wa milimita 1 kwenye kiwiliwili chake maana yake alisogea sentimita 5 jicho likiwa wazi. Mtoto akikimbia mita 2 kwa sekunde, umbali huo anaumaliza kwa 1/40 ya sekunde. Hesabu ni ya kukadiria, kwani miguu huenda kasi kuliko kiwiliwili, lakini inatenganisha kamera ya 1/40 na ile ya sekunde mbili, na hicho tu ndicho unachohitaji.

Onyo. Picha pacha za kutazamwa kwa darubini ya macho mawili zilipigwa kwa kamera ndogo zenye lenzi fupi. Nyingine ziliweza kukamata watu wakitembea tangu mwishoni mwa miaka ya 1850. Ukiona picha mbili karibu sawa zimebandikwa bega kwa bega, usiseme "haiwezekani, ni ya kale mno".

Ukitaka kuzoeza jicho, tafuta picha alizopiga Paul Martin katika ufukwe wa Great Yarmouth, Uingereza, mwaka 1892. Kamera yake, Facile, ilionekana kama kifurushi, naye aliibana kwapani. Watu hawakujua wanapigwa. Angalia jinsi wanavyopinda mgongo, wanavyoinama vibaya, wanavyobanana. Kisha weka kando picha yoyote ya studio ya wakati huo, yenye mtoto, mchanga wa kumwaga sakafuni na bahari iliyochorwa kwenye turubai. Studio nyingi zilikuwa na turubai za namna hiyo. Chunguza mahali mchanga unapokutana na maji. Ikiwa maji hayana ukingo uliolowa, mtoto huyo hakuwa ufukweni.

Umefanikiwa ukiweza kusema moja kati ya haya matatu na kulitetea: amepangwa; anacheza; haijulikani.

## Hatua ya 5: Rangi zinazodanganya

Dawa za picha za mwanzo ziliona hasa bluu na zambarau. Nyekundu, njano na kijani ziliziona kwa shida. Mwaka 1873 Hermann Vogel aligundua namna ya kuongeza rangi nyingine kwa kuitia dawa ya picha rangi maalumu, na mwaka 1906 yakaanza kuuzwa mabamba yanayoona rangi zote, lakini filamu za bei nafuu ziliendelea kuwa na upofu wa nyekundu kwa miaka mingi baadaye.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili si dogo. Hesabu yanayoharibika:

- Kanga nyekundu au njano hutoka nyeusi. Usiandike "vazi la msiba".
- Kaniki iliyochuja hutoka kijivu cheupe. Kaniki ni buluu iliyoiva, na buluu dawa iliiona sana. Unaweza kuidhania merikani. Kwa kuwa wengi husoma hadhi ya mtu kwa nguo hizi mbili, kosa la rangi linageuka kosa la ukoo.
- Bendera ya Sultani, iliyokuwa nyekundu tupu, inaonekana nyeusi. Kuna watu wamejenga hadithi za maharamia juu ya hilo.
- Ngozi ya kahawia hutoka nyeusi kuliko ilivyokuwa, na sura huzama kivulini. Usikisie asili ya mtoto kwa rangi ya ngozi katika picha hizi. Mtoto wa Kizungu naye hutoka na madoa usoni ambayo kwa macho yangeonekana kidogo tu.
- Mbingu hutoka nyeupe tupu. Ukiona mawingu mazuri katika picha ya bahari ya miaka ya 1850 au 1860, kuwa na shaka. Gustave Le Gray wa Ufaransa aliunganisha hasi mbili katika baadhi ya picha zake za bahari, moja ya mbingu na moja ya maji.

Picha ya rangi halisi ipo pia, ila ni nadra. Otokromu iliingia sokoni 1907, ni bamba la kioo lenye chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Mfano maarufu ni wa Mervyn O'Gorman, aliyempiga msichana mwenye nguo nyekundu huko Lulworth Cove, Uingereza, mwaka 1913. Rangi nyingine nyingi unazoziona kwenye kadi za kale zilipakwa kwa brashi au kwa mashine na mtu ambaye pengine hakuwahi kufika pwani yetu.

Umefanikiwa ukiwa umefuta kwenye NAONA kila neno la rangi, ukaandika badala yake "kizito", "hafifu", "chenye mwanga".

## Hatua ya 6: Jua na maji

Pima kimo cha mtoto na urefu wa kivuli chake pale mchanga ulipo sawa. Vikilingana, jua liko nyuzi 45, nusu ya njia kwenda utosini. Karibu na ikweta hiyo ni kama saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri.

Kujua ni ipi kati ya hizo mbili, unahitaji mwelekeo. Sehemu ya mbele ya Mji Mkongwe, kuanzia Forodhani, inatazama magharibi. Mtoto akipigwa mgongo wake ukiwa majengoni na uso wake umeangazwa kutoka baharini, ni alasiri.

Kivuli cha adhuhuri nacho kina lake. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupita kaskazini, na kivuli huanguka kusini kikiwa zaidi kidogo ya nusu ya kimo. Desemba hupita kusini, na kivuli hubaki kama theluthi.

Tanga na bendera zitakupa upepo: kaskazi kuanzia kama Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili. Majahazi mengi ya ng'ambo yaliyotia nanga kwa pamoja ni dalili ya msimu wa kaskazi au mwanzo wa kuondoka.

Maji yakiwa yametoka mbali na miamba iko wazi, ni kupwa, na pengine ni bamvua. Mwoneshe picha mvuvi wa eneo hilohilo. Atakuambia mtoto anaweza kuwa alikuwa anafanya nini pale, na mara nyingi jibu lake halitakuwa "anacheza". Mtoto aliyeinama na kijiti kwenye miamba wakati wa bamvua anaweza kuwa anatafuta pweza wa kitoweo.

## Hatua ya 7: Acha majengo yataje mwaka

Kwa picha za mbele ya Mji Mkongwe, hakuna hatua yenye faida kuliko hii.

Kwanza hakikisha picha haijageuzwa. Ukitazama kutoka baharini, kasri liko kushoto, Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu la Sultani) katikati, Ngome Kongwe kulia. Zikikaa kinyume, hasi imechapwa kwa mgongo, au ni picha ya bati au dagerotipu, ambazo hugeuza kushoto kuwa kulia. Geuza nakala yako kabla ya kuendelea, la sivyo hata jua la hatua ya sita litakuwa limekudanganya. Rudi ulisahihishe.

Kisha hesabu minara.

- Beit al-Ajaib haipo kabisa: kabla ya 1883.
- Beit al-Ajaib ipo bila mnara, na mnara wa taa umesimama peke yake mbele yake: kati ya 1883 na 27 Agosti 1896. Siku hiyo manowari za Uingereza zilipiga kasri kwa muda usiofika saa nzima.
- Mnara wa saa umeungana na uso wa Beit al-Ajaib: kuanzia 1897. Mnara huo ulianguka 25 Desemba 2020, kwa hiyo hata picha za simu za juzi zina mwaka wa juu.
- Milingoti imechomoza majini bila meli chini yake: ni Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa siku hiyohiyo ya Agosti. Mabaki yake yalionekana bandarini hadi 1912.
- Bustani ya Forodhani imepangwa mbele ya Ngome: kuanzia 1936.

Mlingoti mmoja nyuma ya bega la mtoto unaweza kukupunguzia miaka hamsini ya kubahatisha ikawa kumi na sita. Ndiyo maana nilikuambia usikubali kingo zilizokatwa.

Vyombo pia husema. Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba chenye tanga la mraba la mkeka, ulikuwa ukitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiuona unasafiri nyuma ya mtoto, una picha ya thamani hata kama mtoto mwenyewe ametoka vibaya.

Kama ni Dar es Salaam, tafuta kanisa la Kilutheri na lile la Mtakatifu Yosefu mbele ya bandari, yaliyokamilika mwanzoni mwa karne ya 20. Mombasa ni ngumu zaidi: Fort Jesus imekuwapo tangu miaka ya 1590 na haikusaidii kitu peke yake.

Umefanikiwa ukiwa na mwaka wa chini na mwaka wa juu, na kila mmoja una kitu cha kunyooshea kidole.

## Hatua ya 8: Sasa mtazame mtoto

Umri kadiria kwa uwiano wa kichwa na mwili, kisha acha nafasi ya miaka miwili kila upande.

Jinsia usiikimbilie. Huko Ulaya wavulana wadogo walivalishwa magauni hadi miaka minne au zaidi, kwa hiyo "msichana" wa ufukwe wa Uingereza wa 1870 huenda ni mvulana. Suti ya baharia ilipata umaarufu baada ya mwana wa Malkia Victoria kuchorwa akiwa ameivaa mwaka 1846, na baadaye ikavaliwa na wavulana na wasichana sawia. Kwetu angalia kofia, kanzu, tundu za masikio, hirizi shingoni, na usitegemee kimoja peke yake.

Vitu vya mchezo vitaje kama vilivyo. Kingalawa cha kumbi la nazi chenye tanga la jani kina mtu aliyekitengeneza, aidha mtoto mwenyewe au kaka yake, na hilo ni la kuandika. Ndoo ya bati na sepetu ya mbao zilinunuliwa dukani. Ndoo ya plastiki inakupeleka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hata kama picha ina rangi ya kahawia ya kuvutia.

Onyo la kwanza. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Mtoto wa kabla ya hapo angeweza kuwa huru, mtumwa, au aliyekombolewa na misheni. Nguo chache na miguu mitupu havithibitishi lolote, ufukweni kila mtoto huvua. Bila hati, nafasi hiyo iache wazi.

Onyo la pili. Watoto wadogo kuoga bila nguo lilikuwa jambo la kawaida. Wachapishaji wa kadi waliligeuza bidhaa. Picha ya namna hiyo ichunguze, iandikie maelezo, usiisambaze.

## Hatua ya 9: Tafuta aliyesimama nyuma ya kamera

Upeo wa bahari unakusaidia tena. Pale ufukwe ulipo tambarare, mstari wa upeo hupita kwenye kila mtu kwa kimo kilekile cha lenzi. Ukikata kifua cha mtu mzima, kamera ilikuwa kifuani. Ukipita kichwani mwa mtoto wa mita 1, kamera ilikuwa chini, kama kamera ya sanduku inayoshikwa kiunoni. Ukiwa juu ya vichwa vyote, mpiga picha alikuwa barazani, ukutani au juu ya chombo.

Tafuta kivuli chake chini ya picha. Viwiko vilivyobanwa tumboni ni kamera ya mkononi. Miguu mitatu ya stendi ni kazi ya mtu aliyejipanga.

Halafu fuata macho ya mtoto. Anatazama lenzi, anatazama mtu kando yake, au anatazama mchezo wake? Na usidhani daima nyuma ya kamera kuna mtu mzima. Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa 1894, alikuwa akipiga picha za familia yake huko Ufaransa tangu utotoni, na upeo wake uko chini kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa chini.

## Hatua ya 10: Andika maelezo

Andika kwa tabaka tatu, usizichanganye: kinachoonekana, kinachothibitika kwa ushahidi uliotajwa, na kinachowezekana. Tuseme picha yako ni chapa ya albumini ya mbele ya Mji Mkongwe. Maelezo yawe hivi:

> *Kinachoonekana:* Mtoto wa takriban miaka 5 hadi 9 amechuchumaa kwenye mchanga uliolowa, ameshika kitu kama kingalawa. Mtu mzima mmoja, mwili umekatwa na ukingo wa kulia.
>
> *Kinachothibitika:* Forodhani, Unguja, kati ya 1883 na Agosti 1896, kwa kuwa mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib. Alasiri, kwa mwelekeo wa kivuli. Mawimbi yana ukungu na mtoto hana, kwa hiyo alitulia makusudi.
>
> *Kinachowezekana:* Huenda aliombwa aonyeshe kingalawa chake. Jina, jinsia na hali yake havijulikani.

Soma kila sentensi ya tabaka la pili na ujiulize: nikiziba kitu hiki kwa kidole, sentensi inabaki? Ikibaki, basi haikutoka kwenye picha, ishushe tabaka la tatu.

Mwisho, nakili maelezo kwa penseli nyuma ya picha, pembeni kabisa, ukiwa umeilaza juu ya kioo na kuandika bila kukandamiza ili mistari isitokeze mbele. Weka tarehe ya leo na herufi za jina lako. Faili la skani lipe jina lenye mahali na miaka yote miwili, kwa mfano *Forodhani_1883-1896_mtoto.tif*, na unapoituma kwa mtu tuma upande wa nyuma pia.